Mimea ya kivulini inapogoma: dalili, chanzo na tiba

Maua yakifa chini ya mwembe, lawama zote hutupiwa kivuli. "Pale hakuna jua, hapaoti kitu." Basi mwenye nyumba anafagia hadi udongo unabaki mtupu, au anamwaga zege. Inaniuma, kwa sababu misitu yetu imejaa mimea inayoishi kivulini maisha yake yote, na baadhi yake ndiyo hiyo inayouzwa ghali vitaluni leo. Zamioculcas, ile yenye majani mazito yanayong'aa, ni mzaliwa wa ukanda huu, kuanzia Kenya hadi Afrika Kusini. Saintpaulia, ua dogo la zambarau linalopendwa madirishani Ulaya, lilitoka kwenye milima ya Usambara. Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyekuwa upande wa Tanga, alilipeleka kwao mwaka 1892, na mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaliandika kitaalamu na kulipa jina la familia ya ofisa huyo. Impatiens yenye shina la maji, inayochanua kivulini karibu mwaka mzima, nayo ni ya Afrika Mashariki, na kuna wakati wataalamu waliiita Impatiens sultani kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar.

Kivuli chenyewe si ugonjwa. Kinachoua mimea kivulini mara nyingi ni kiu, maji kupita kiasi, chumvi, chokaa, au jua lililohama bila mwenye bustani kulitazamia. Kila kimoja kina dalili yake, na ukiisoma vizuri hutapoteza fedha kununua mche mwingine wa kufa palepale.

Ninapoandika nafikiria zaidi ua wa nyumba ya Pwani: mwembe au mwarobaini katikati, ukuta wa tofali pembeni, tangi la maji nyuma. Wa bara nao nimewagusa panapotofautiana. Mimea ninayoizungumzia ni ya kudumu, inayokaa miaka mingi bila kupandwa upya. Naitaja kwa majina ya kitaalamu ili ukienda kitaluni upewe ule ule.

Kabla ya kutibu chochote

Pima mwanga kwanza. Saa sita mchana, siku isiyo na mawingu, weka karatasi nyeupe pale mmea ulipo na unyooshe mkono juu yake, kama sentimita 30 hivi. Kivuli cha mkono kikionekana na kingo kali, hapo pana mwanga mwingi, na mimea mingi ya kivulini itaungua. Kikionekana hafifu lakini vidole vinahesabika, umepata mahali pazuri kabisa. Usipoona kivuli chochote, hilo ni giza, na ni mimea michache tu itakayovumilia.

Halafu zamisha kidole kwenye udongo hadi pingili ya pili. Usiridhike na kutazama juu, maana kivulini udongo huweza kuonekana mkavu juu na kuwa tope chini, au ukaonekana umelowa kumbe ni unyevu wa juujuu tu.

Hatimaye, kama bado una shaka, ng'oa mmea mmoja ulioathirika uoshe mizizi. Watu wanaogopa kufanya hivi, lakini mmea unaokufa hauna cha kupoteza, na mizizi haidanganyi. Mizima ni migumu na myeupe au ya rangi ya krimu. Iliyooza ni ya kahawia iliyoiva, ukiivuta ganda linachomoka na kubaki uzi katikati, na inanuka.

Mvua imenyesha, lakini mimea chini ya mti imenyauka

Hapa ndipo bustani nyingi za kivuli zinapokufa. Mwembe mkubwa una majani mazito. Mvua fupi inaishia juu huko, inakauka kabla ya kufika chini. Maji machache yanayofika yanakuta mizizi ya mwembe imetapakaa karibu kabisa na uso wa udongo, nayo ina njaa na nguvu kuliko mche wako. Ukitaka ushahidi, siku ya mvua weka kopo moja chini ya mti na jingine mahali pa wazi, kisha ulinganishe. Tofauti itakushangaza.

Tatizo hapa ni ukame, kwa hiyo kuhamishia mmea juani hakusaidii. Chagua mimea inayobeba maji yake yenyewe. Sansevieria, jamaa wa mkonge mwitu mwenye majani ya kusimama wima, inafaa sana. Zamioculcas pia: ukiifukua utakuta viazi vinene chini, kila kimoja ni ghala la maji. Chlorophytum, yenye majani membamba ya kijani na mstari mweupe, ina mizizi minene kwa kazi hiyohiyo, tena inajizalisha yenyewe kwa vitoto vinavyoning'inia. Kwa kufunika udongo, Tradescantia zebrina inatambaa vizuri na kipande chochote ukikichomeka kinashika.

Namna ya kupanda nayo ina uzito kama uchaguzi wa mmea. Usinunue mche mkubwa kwa pupa ya kuona bustani imejaa. Mche mkubwa unadai shimo kubwa, na shimo kubwa chini ya mwembe maana yake ni kukata mizizi ya mwembe. Nunua midogo. Tafuta kwa vidole nafasi kati ya mizizi minene, chimba kishimo chenye upana wa kikombe cha chai kwa kisu cha zamani au kijembe kidogo, jaza mboji, panda. Kaa mbali na shina la mti walau mita moja, maana karibu na shina mizizi ni minene mno.

Panda mvua za masika zinapoanza ili mche upate wiki nyingi za maji kabla ya kiangazi. Baada ya hapo weka matandazo. Majani ya mwembe yenyewe yanafaa, ila ni magumu na yakilala mazima hutengeneza paa linalomwaga maji pembeni, kwa hiyo yakatekate kwanza. Tandaza unene wa vidole vitatu vinne, uache nafasi kuzunguka shina la kila mmea. Na jamani, tuache kufagia kila jani kila asubuhi. Majani yale ndiyo mbolea na ndiyo blanketi la udongo, na tunayachoma moto halafu tunakwenda kununua samadi.

Jambo moja ninaloliomba kwa msisitizo: usilete lori la udongo ukamwaga juu ya mizizi ya mti ili upate kitanda kizuri cha maua. Mizizi ya juu inahitaji hewa. Ukiifukia, na udongo ukapanda hadi kwenye gome la shina, mti unaanza kuoza taratibu bila wewe kujua. Baada ya miaka kadhaa unakauka tawi kwa tawi, na kufikia hapo hakuna anayekumbuka lile lori.

Ulikuwa mzima Julai, Desemba umeungua

Dalili yake: mabaka makavu ya rangi ya majani makavu au meupe, katikati ya jani au upande mmoja uliotazama juu, na jani la chini yake lililokingwa halina kitu. Yanatokea ghafla, ndani ya siku chache. Watu hudhani ni ugonjwa wakapulizia dawa.

Vitabu vya bustani vya Ulaya havitakusaidia hapa. Kule jua la mchana liko upande wa kusini mwaka mzima, na ukuta wa kaskazini ni wa kivuli siku zote. Kwetu jua linavuka. Dar es Salaam linapita utosini mwanzoni mwa Machi, linakaa upande wa kaskazini hadi kama wiki ya pili ya Oktoba, kisha linavuka kwenda kusini. Nairobi linavuka katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba. Maana yake ni kwamba ukuta mmoja unabadilishana kivuli pande zake mbili.

Chukua ukuta wa kimo cha mita 2 hapo Dar, uliojengwa kutoka mashariki kwenda magharibi. Mwezi Juni, saa sita mchana, unatupa kivuli cha mita moja na ziada upande wa kusini. Mtu anaona pana ubaridi mzuri, anapanda Aglaonema, yenye majani mapana ya madoa ya kijivu, mstari mzima. Ikifika Desemba upande huohuo hauna kivuli cha mchana hata kidogo, na upande wa pili wa ukuta nao una kivuli cha sentimita 60 tu. Mimea haijaugua. Imeachwa juani, tena katika miezi ya joto kali.

Kwa watu wa Pwani kuna njia rahisi ya kukumbuka: kusi likivuma jua la mchana liko kaskazini, na kaskazi ikivuma jua liko kusini. Jua hukaa upande ule upepo unakoelekea. Kwa hiyo unapopanda wakati wa kusi, kabla hujachimba jiulize mahali hapo patakuwaje kaskazi ikianza.

Tiba ni ama kuhamisha mimea jioni na kuimwagilia vizuri, au kuipa kinga ya miezi ile tu. Mgomba mmoja uliopandwa mahali sahihi unatosha. Majani yaliyoungua hayaponi, lakini usiyakate yote, maana sehemu iliyobaki kijani bado inaulisha mmea. Subiri majani mapya.

Ukuta unaotazama magharibi ni kesi nyingine. Jua la saa tisa alasiri ni kali, na tofali linabeba joto hadi usiku. Mimea ya majani laini usiipeleke huko hata kama asubuhi yote pana kivuli. Upande wa mashariki ni kinyume chake: jua la asubuhi hadi saa tatu hivi ni zawadi kwa mimea mingi ya kivulini, na hapo ndipo itakapochanua.

Majani yanageuka njano

Njano ina maana nyingi, kwa hiyo tazama ni majani yapi.

Likiwa jani moja moja la chini kabisa, la zamani, na juu kunachipua vizuri, huo ni uzee. Likate uendelee na shughuli zako.

Majani mengi kwa pamoja yakiwa njano na legelege, na kidole kikikuta tope, mizizi inaoza. Kivulini udongo hukauka polepole sana, na mwagiliaji anayepita kila jioni na mpira akilowesha bustani nzima kwa kipimo kimoja anaua mimea ya kivulini huku akiokoa ya juani. Ng'oa uangalie. Kwenye Zamioculcas, kiazi kizima ni kigumu kama mhogo mbichi. Kilichooza kinabonyea na kutoa maji ya kahawia kwenye ncha ya kidole. Kata sehemu zote zilizooza kwa kisu kisafi hadi ufikie nyama nyeupe, acha majeraha yakauke kivulini siku moja au mbili, kisha panda upya kwenye mchanganyiko wa udongo, mchanga mnene na mboji. Usimwagilie siku kadhaa. Baada ya hapo sahau ratiba: mwagilia pale kidole kinapokuambia, hata kama ni baada ya wiki mbili. Kwenye chungu hakikisha tundu la chini halijaziba, na sahani isibaki na maji.

Yakiwa majani machanga ndiyo yaliyopauka, mishipa yake imebaki kijani na katikati ya mishipa ni njano, mmea unakosa madini ya chuma. Mara nyingi chuma kimo ardhini ila chokaa imekifunga mizizi isiweze kukichukua. Unguja, Mombasa na sehemu nyingi za mwambao ardhi ni ya mawe ya matumbawe, na hali hii ni ya kawaida. Lakini hutokea hata mbali na bahari, karibu na ukuta wa nyumba mpya, kwa sababu mafundi hufukia kifusi na mabaki ya saruji palepale tunapotaka kupanda maua. Chimba kwa kina cha sentimita 30 uone. Ukikuta vipande vya zege na mchanga wa kijivu, ondoa vyote, jaza udongo mwekundu uliochanganywa na mboji kwa wingi. Usimwage majivu hapo, maana majivu yanazidisha tatizo. Pale matumbawe yalipo huwezi kuyaondoa, basi panda kwenye vyungu au matuta yaliyoinuliwa, na kwa mmea unaoupenda sana nunua mbolea yenye madini ya chuma inayoyeyuka kwenye maji, duka la pembejeo watakuelekeza.

Na majani ya zamani yakipauka yote polepole, udongo si tope, mmea umedumaa: hiyo ni njaa. Samadi iliyoiva vizuri, viganja viwili kuzunguka mmea mwanzoni mwa masika na mwanzoni mwa vuli, inatosha.

Ncha za majani zimekauka, jani lenyewe zima

Ncha na kingo kuwa za kahawia, zimekauka, huku katikati pakiwa kijani safi, ni dalili ya maji unayotumia. Visima vingi vya Pwani vina chumvi. Kila unapomwagilia unaongeza kidogo, na kivulini, ambako mvua haifiki vizuri kuisafisha, inajilimbikiza. Angalia ukingo wa chungu au uso wa udongo: ukiona utando mweupe, umeshapata jibu.

Watu wa Arusha na pande za Meru wana sababu nyingine. Maji yenye floraidi nyingi, yale yale yanayotia meno rangi ya kahawia, hukausha ncha za Chlorophytum na za Dracaena, ile yenye shina kama fimbo na majani marefu. Mimea hii miwili haiipendi floraidi hata kidogo.

Tiba ya yote mawili ni maji ya mvua. Weka mfereji kwenye paa na pipa chini yake, na maji hayo uyahifadhi kwa ajili ya mimea ya kivulini tu; haihitaji mengi. Mara moja moja mwagilia kwa wingi hadi maji yatoke chini ya chungu, ili yaondoke na chumvi. Mbolea ya chumvichumvi isimamishe kwa muda, na maji ya kufulia usiyamwage huko. Kama huna njia ya kupata maji mengine, kaa na Sansevieria, ambayo inavumilia chumvi kuliko wengi.

Saintpaulia ina lalamiko lake la peke yake: maji baridi yakigusa majani hutokea mabaka na miduara ya rangi ya njano iliyofifia. Imwagilie kwenye udongo, kwa maji yaliyokaa ndani hadi yakaacha ubaridi.

Shina limerefuka, majani ni madogo na mmea umeinama

Huu sasa ndio upungufu wa mwanga wa kweli. Umbali kati ya jani na jani unaongezeka, rangi za kupendeza zinafifia na kuwa kijani tupu, na mmea mzima unaegemea upande wenye nuru. Mbolea hapa inaharibu zaidi, kwa sababu unausukuma ukue wakati hauna chakula cha mwanga.

Kabla ya kuhamisha mmea, ongeza mwanga. Kata matawi ya chini ya mwembe baada ya mavuno, uache ya juu. Ukiinua paa la mti hivyo, nuru ya pembeni inaingia asubuhi na jioni, na jua kali la mchana bado linazuiwa. Ni kazi ya siku moja inayobadilisha bustani nzima. Ukuta ulio karibu upake rangi nyeupe, utarudisha mwanga mwingi kwenye mimea. Tumia rangi ya maji ya kawaida badala ya chokaa, kwa sababu ile chokaa ikioshwa na mvua inashuka kwenye udongo na kukurudisha kwenye tatizo la majani njano.

Shina lililorefuka halifupiki. Likate juu ya pingili, chomeka kile kipande mahali penye nuru zaidi, na kisiki kitachipua kikiwa kifupi. Dieffenbachia, yenye majani makubwa ya madoa meupe, na Aglaonema zinakubali sana. Unapokata Dieffenbachia vaa glavu na usijiguse macho wala mdomo: utomvu wake unawasha vibaya, na mtoto akitafuna jani ulimi unavimba. Caladium, yenye majani ya rangi yenye umbo la moyo, na Zamioculcas zina tatizo hilohilo. Nyumba yenye mtoto anayetambaa au mbuzi anayezurura, zipande mbali au uziache kabisa.

Majani tele, maua hakuna

Mara nyingi tulichagua mmea usio wa kivulini. Agapanthus, yenye vichwa vya maua ya buluu, na waridi watakaa, watatoa majani, na hawatachanua. Kivulini jifunze kupenda majani: Caladium nyekundu na nyeupe zilizochanganywa vizuri zina rangi kuliko kitanda cha maua. Ukitaka maua hasa, Impatiens na Spathiphyllum, yenye ua jeupe kama tanga, zitakupa, ilimradi kivuli cha mkono kinaonekana kwenye karatasi.

Ukiwa na mmea sahihi na bado hauchanui, angalia mbolea. Samadi ya kuku na urea zina nitrojeni nyingi, nayo hujenga majani. Clivia, yenye maua ya rangi ya chungwa, inadai msimu wa baridi ndipo ichanue. Lushoto, Limuru na Iringa inapendeza sana. Dar utabaki na majani yake mazuri, na ni vema kulijua hilo kabla ya kutoa fedha.

Mmea umetoweka kabisa

Julai unakuta udongo mtupu pale palipokuwa na Caladium. Usifukue, usipande kitu kingine, na usimlaumu mtunza bustani. Mmea umelala. Caladium, tangawizi na manjano hukausha majani kiangazi kinapokaza na kujificha kwenye tunguu chini ya ardhi. Scadoxus multiflorus, ua letu la porini lenye duara kubwa jekundu la maua, hufanya hivyohivyo: miezi hakuna kitu, halafu mvua zikianza ua linatoka ardhini, mara nyingi kabla hata ya majani kufunguka. Nimeona tunguu zake zikitupwa jaani na watu waliodhani ni mizizi iliyokufa.

Chomeka kijiti alama pale kila mmea unaolala ulipo, ukiwa bado kijani. Wakati wa usingizi punguza maji hadi karibu na sifuri, maana tunguu iliyolala kwenye tope huoza. Ikiwa udongo wako ni mzito, ing'oe, ikaushe, iweke kwenye mchanga mkavu ndani ya boksi, urudishe mvua zinapokaribia. Ukifukua ukakuta imekuwa laini na inanuka, hiyo kweli imekufa.

Mashimo na utando mweupe

Mashimo makubwa yasiyo na mpangilio, yametokea usiku mmoja baada ya mvua, na kuna njia inayong'aa iliyokauka juu ya jani: ni konokono. Lile kubwa la Afrika Mashariki ni mwenyeji wa mwambao huu na linapenda kivuli kama sisi tunavyokipenda. Toka na tochi saa mbili usiku, mvua ikiwa imekatika. Inua vyungu, mbao na tofali zilizolala, huko ndiko yanakoshinda mchana. Vaa glavu au tumia mfuko, kisha nawa mikono, kwa sababu konokono hubeba minyoo inayoweza kumdhuru binadamu. Lainisha udongo chini ya maficho hayo, utakuta mayai madogo ya rangi ya krimu yamerundikana, yatoe yote. Majivu yanayozunguka mmea yanasaidia yakiwa makavu tu, yakilowa hayana kazi. Majongoo utakayoyakuta hapohapo yaache, mengi yanakula majani yaliyooza na kukutengenezea mboji.

Utando kama pamba kwenye kikonyo, pale jani linapokutana na shina, ni vidung'ata. Fungua ule mkunjo kwa kijiti utaona wadudu weupe wenye unga, hawakimbii. Tazama pia kama kuna sisimizi wanaopanda na kushuka: hao wanafuata utamu unaotolewa na vidung'ata, na wanawalinda dhidi ya wadudu wanaowala. Usipowaondoa sisimizi utapulizia mwaka mzima. Futa pamba kwa kitambaa kilicholowa, kisha nyunyiza kijiko cha chai cha sabuni ya maji kwenye lita moja ya maji, jioni, chini na juu ya majani. Jaribu kwanza kwenye jani moja usubiri siku mbili. Rudia kila wiki hadi wasionekane. Mafuta ya mwarobaini yanaweza kuongezwa kwenye maji hayo. Mmea mpya kutoka kitaluni ukae peke yake wiki mbili kabla ya kuungana na wenzake, maana mara nyingi ndio unaowaleta.

Madoa meusi yenye duara la njano ni ukungu au bakteria, na chanzo ni majani kulala na maji. Mwagilia asubuhi, chini kwenye udongo, ondoa majani yenye madoa, na uachanishe mimea upepo upite.

Ulipendeza kitaluni, nyumbani unapukutisha majani

Vitaluni mimea hukaa chini ya neti, inapata maji kila siku na mbolea kila mara. Ukiutoa huko ukaupeleka kwenye kivuli kizito siku hiyohiyo, utamwaga majani ambayo hauwezi tena kuyalisha. Uweke kwanza mahali penye nuru ya kutosha isiyo na jua, wiki mbili hivi, ndipo uupeleke unakotaka. Wakati wa kununua, tazama chini ya kiriba, ule mfuko wa plastiki ulioshika mche: mizizi iliyotoka nje na kujizungusha inaonyesha mmea umekaa humo muda mrefu mno. Ukiupata hivyo, chana kiriba na utenganishe mizizi kwa vidole kabla ya kupanda, la sivyo itaendelea kuzunguka palepale hata ardhini. Chagua wenye machipukizi mapya, hata kama ni mfupi, uache mrefu uliochoka.

Pale ambapo hakuna kinachokubali

Kila ua una kona kama hiyo: kati ya tangi na ukuta, au chini ya ngazi, ambapo mkono hauachi kivuli chochote saa sita mchana. Hata Sansevieria huko haikui, inasubiri tu. Usizike mmea wa kudumu hapo. Nunua vyungu viwili vya aina moja, kimoja kikae kwenye giza na kingine mahali penye nuru, uvibadilishane kila baada ya wiki mbili. Chungu cha gizani kipate maji kidogo sana, na kikirudi nuruni ndipo ukimwagilie vizuri na kukipa mboji. Zamioculcas ndiyo inayostahimili zamu hizi kuliko mimea mingine, na kona inabaki kijani mwaka mzima.